Hopsi uani penye joto: kwa nini huchanua zikiwa fupi, na aina ipi ya kupanda

Swali: Nataka kulima hopsi, ule mmea wa kukwea ambao maua yake, yaitwayo koni, huitia bia uchungu na harufu. Nilipata vipande vya mizizi ya aina mbili, Cascade na Hallertau Mittelfrüh, nikavipanda uani. Ninapoishi ni joto mwaka mzima na jua huchwa karibu saa ile ile kila siku. Zilichipua vizuri, lakini zilipofika kiunoni zikaacha kukwea. Cascade ilitoa koni kumi na tano hivi, Hallertau mbili tu, kisha majani ya chini yakaanza kunyauka. Mkulima mmoja ameniambia nichimbue mizizi niiweke kwenye friji miezi miwili, kwa sababu hopsi isiyopata baridi haizai. Ni kweli? Ni aina gani zinazofaa joto? Na hii Hallertau, niing'oe?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa kusubiri msimu mzima kwa ajili ya koni kumi na saba. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na jibu nimelipata katika jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba jua kwenu huchwa saa ile ile mwaka mzima. Joto umelilaumu bure. Kilichoisimamisha hopsi yako kiunoni ni urefu wa usiku, na dawa yake ni taa.

Hopsi hupima giza. Ni mmea wa siku fupi, maana yake huchanua pale usiku unaporefuka kupita kiwango fulani, na kila aina ina kiwango chake. Lakini kabla ya hapo lazima mmea ukomae, na ukomavu wake hauhesabiwi kwa siku, huhesabiwa kwa pingili. Mche wenye pingili chache hauchanui hata usiku uwe mrefu namna gani. Ukishavuka idadi inayotakiwa, ambayo kwa aina nyingi ni kama ishirini hivi, ndipo unaanza kulitii giza.

Kule hopsi ilikozoea, mambo haya mawili yamepangana. Machipukizi hutoka ardhini baridi inapokwisha, siku zinazidi kurefuka, mmea unakwea mita 5 au 6 bila kushughulika na maua. Jua likishageuka mwishoni mwa Juni siku zinaanza kufupika, na wakati huo mmea umeshafika juu ya kamba, umetoa matawi ya pembeni kila pingili. Matawi hayo ndiyo yanayobeba koni. Kwa hiyo anayetaka hopsi nyingi anatafuta matawi ya pembeni mengi, na hayo hayapatikani kwenye mmea uliokomea kiunoni.

Sasa linganisha. Hallertau, eneo la Bavaria huko Ujerumani lililoipa jina ile aina yako ya pili, siku yake ndefu kuliko zote ina zaidi ya saa 16 za mwanga. Bonde la Yakima, katika jimbo la Washington nchini Marekani, ni karibu saa 16. Kwenye ikweta ni saa 12 na dakika chache, iwe Juni au Desemba. Hopsi yako ilipofikisha pingili zake ilikuta usiku umekuwa mrefu tangu siku ilipotoka ardhini, ikachanua hapo hapo kwa matawi machache iliyokuwa nayo. Kuhusu joto lenyewe, Yakima ni nusu jangwa, na mchana wa Julai kupita nyuzi 35 ni jambo la kawaida huko. Hopsi hupewa maji ya kutosha na zinazaa, tena kwa wingi.

Wengine wameshakutana na kikwazo hiki kabla yako. Mashamba makubwa ya hopsi duniani yako kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo, kaskazini na kusini. Afrika Kusini, hopsi hulimwa karibu na mji wa George, nyuzi 34 kusini, ambako siku ndefu kuliko zote hufika kama saa 14 na nusu. Upungufu huo wa saa moja na nusu tu ulitosha kuwalazimisha wakulima wa huko kuwasha taa mashambani, mpaka watafiti wao walipozalisha aina zisizojali sana urefu wa siku, kama Southern Brewer na Southern Promise. Florida, kusini zaidi ya mashamba yote makuu ya Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha jimbo hilo walitumia taa za LED wakapata kitu ambacho Yakima hawana: mavuno mawili kwa mwaka kutoka mmea mmoja, moja la katikati ya mwaka na jingine karibu na Novemba. Jambo hili linanifurahisha kila ninapolitaja. Penye joto, ukishatatua habari ya mwanga, huna majira ya baridi ya kukusimamisha.

Hapo ndipo tunafika kwenye friji. Aliyekushauri hakukudanganya, alikupa elimu iliyofundishwa kwa miaka mingi, kwamba hopsi lazima ilale kwenye baridi wiki kadhaa ndipo ichanue. Mwaka 2019 utafiti wa William Bauerle wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado ulitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa, baridi na urefu wa siku, ukaonyesha kwamba hopsi huchanua bila baridi na bila kulala, mradi ipangiwe mwanga. Baridi ina faida yake: rizomu (vile vipande vya mizizi) zilizokaa kwenye friji huchipua kwa pamoja, badala ya moja leo na nyingine baada ya wiki tatu. Kwa mtu mwenye shamba hilo ni muhimu. Kwa mtu mwenye mashina mawili uani halilipi hasara ya kukata mizizi yake kila mwaka. Iache ardhini.

Unachopaswa kuipa ni pumziko. Ukishavuna, usikate mmea siku hiyo hiyo. Uache na majani yake wiki tatu au nne ili urudishe chakula kwenye rizomu, upunguze maji taratibu, kisha ukate kila kitu usawa wa ardhi. Mashina yaliyokatwa mapema, msimu baada ya msimu, hutoa machipukizi membamba na mwisho hufa.

Sasa taa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Lengo ni mmea uone mwanga saa 16 hadi 17 kwa siku, tangu machipukizi yanapofika gotini mpaka yafike juu ya kamba. Kwa mahali ambapo jua huchomoza saa 12 asubuhi na kuchwa saa 12 jioni, taa iwake kabla giza halijaingia na izime saa 5 usiku. Tumia taima, usitegemee kumbukumbu. Mwanga huu haulishi mmea, kwa maana mmea umeshakula jua mchana kutwa. Unauzuia tu usijue kwamba usiku umeingia, na kwa kazi hiyo balbu ya kawaida ya LED ya wati 10 inatosha, ikiwa haizidi mita moja kutoka kwenye ncha. Kipimo changu ni rahisi: shika gazeti pale ncha ya mmea ilipo, na kama unasoma maandishi madogo bila kukaza macho, mwanga umefika. Chagua balbu yenye mwanga wa manjano, uiache ile nyeupe ya kuelekea bluu. Ndani ya majani kuna kitu kiitwacho faitokromu, na hicho ndicho kinachopima giza. Kinaamshwa zaidi na mwanga mwekundu, ambao balbu za manjano zinao zaidi.

Mmea ukikwea, taa nayo ipande. Mimi hutundika balbu kwenye waya mrefu wenye ndoano, nikaisogeza juu kila wiki. Ukiwa na mashina mawili yaliyoachana mita moja na nusu, balbu moja katikati yake inaweza kuhudumia yote, lakini ukiona jani linamkinga mwenzake kivuli, ongeza ya pili. Na balbu zote ziwe za kustahimili mvua, waya uwe wa nje, maunganisho yasikae chini penye maji. Hopsi hunyweshwa mara kwa mara, kwa hiyo umeme na maji vitakuwa jirani muda wote.

Nikueleze kilichonipata mwaka wa pili wa kulima hopsi. Mmea ulikuwa umefika kama mita tatu, majani mapana kama kiganja kilichotanuliwa, nikawa na uhakika mkubwa. Balbu ikaungua nikiwa sipo, na hakuna aliyejua kazi yake. Niliporudi baada ya siku tisa mmea ulionekana ule ule. Nikabadilisha balbu, nikasahau. Wiki iliyofuata nikaona kwenye makwapa ya majani ya juu vitu vidogo vya kijani, vyenye nyuzi nyeupe kama manyoya ya kifaranga aliyelowa. Hayo ni maua. Ncha ikaacha kukimbia kuanzia hapo, na nusu ya kamba ikabaki tupu. Tangu siku hiyo naweka balbu mbili kwenye kila waya, ya kazi na ya akiba, na zote zinawaka.

Kinyume chake nacho hutokea. Ukishazima taa ili mmea uchanue, hakikisha taa ya ulinzi ya ukutani haiumuliki. Nimewahi kuletewa picha ya hopsi ndefu, yenye afya, isiyo na ua hata moja, na kwenye kona ya picha hiyo taa ya geti ilikuwa inawaka.

Siku ya kuzima taa, usishuke kutoka saa 17 hadi 12 kwa mkupuo. Unaweza, na mmea utachanua, lakini matawi ya pembeni yatakatika ukuaji yakiwa mafupi. Mimi hupunguza mpaka saa 14 kwa wiki mbili au tatu, matawi yajitokeze na kurefuka, ndipo nazima kabisa. Kutoka yale maua yenye nyuzi mpaka koni za kuvuna ni wiki 6 hadi 8.

Kuhusu aina. Ukipanda moja tu, iwe Cascade, na bahati nzuri tayari unayo. Ilitolewa mwaka 1972 na idara ya kilimo ya Marekani pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, na katika majaribio ya Florida ndiyo iliyowatangulia wenzake. Inakua kwa nguvu, inastahimili kiasi ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri vinyoya, na harufu yake ya balungi na maua haipotei ikilimwa mbali na kwao, ingawa hubadilika. Cascade ya kusini hunukia tofauti na ya Yakima, na sioni hiyo kuwa kasoro. Udhaifu wake mkubwa ni kwenye kutunzwa: ikikaa miezi sita kwenye joto la chumba hupoteza karibu nusu ya asidi zake za alfa, ambazo ndizo zinazotia uchungu kwenye bia. Nitarudi kwenye hilo.

Ya pili ningekushauri Chinook, ya mwaka 1985, yenye nguvu za kukwea na asidi za alfa asilimia 12 hadi 14, harufu yake ikiwa ya utomvu wa msonobari na viungo. Nugget na Zeus nazo ni mimea shupavu kwa anayetaka uchungu. Cluster, aina kongwe ya Marekani, imezoea mazingira mengi ingawa harufu yake si ya kusisimua. Halafu kuna kundi ambalo mimi nalipenda kuliko yote kwa maeneo ya jua kali, nalo ni neomexicanus, hopsi mwitu za kusini magharibi mwa Marekani, zilizozaliwa kwenye ukame na milima ya jua. Medusa ni mojawapo. Asili yake ni kusini kuliko hopsi za Ulaya, na mwili wake umezoea siku zisizo ndefu sana. Bado zitahitaji taa karibu na ikweta, lakini zinasamehe makosa zaidi.

Wasomaji wengi huniuliza Citra na Mosaic. Hizo zina wenyewe, haki za kuzizalisha zimefungwa, na rizomu zake haziuzwi kwa wakulima wa nyumbani. Anayekuuzia amekupa kitu kingine chenye jina hilo, au ameiba.

Popote utakaponunua, dai mmea jike, maana hopsi ina mimea dume na jike mbalimbali, na jike pekee ndiye anayetoa koni. Ukiagiza kutoka nchi nyingine, dai cheti cha afya ya mimea. Hopsi hubeba virusi na viroidi (vimelea vidogo kuliko virusi) visivyoonekana kwa macho, na kipande kimoja kibovu kinaweza kukuharibia mashina yote. Miche iliyozalishwa maabara kwa tishu ni salama kuliko rizomu iliyochimbuliwa shambani kwa mtu.

Udongo sitauzungumzia kwa kirefu: uwe wa kupitisha maji, pH kati ya 6 na 7, wenye mboji nyingi. Rizomu izikwe kina cha sentimita 3 hadi 5 tu, ikilala kama unavyolaza tangawizi. Mashina ya aina moja yaachane mita moja, ya aina tofauti mita moja na nusu, la sivyo mizizi itaingiliana na hutajua ipi ni ipi. Naitrojeni hopsi huila kwa wingi wakati wa kukwea, lakini acha kuitia maua yanapotokea. Kama ardhi yako ni kichanga na ulishawahi kuotesha nyanya au bamia hapo, ogopa minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayotia mizizi vinundu, na heri upande kwenye pipa la lita 60 au zaidi lenye udongo mpya.

Maji ndiyo yanayoamua kama mmea utalivumilia joto. Mimi huchovya kidole mpaka fundo la pili, na nikikuta pakavu nanywesha, asubuhi, shinani, majani yasiloe. Tandaza matandazo unene wa sentimita 8, uyaache mbali kidogo na shina. Yale majani ya chini yaliyonyauka kwako, kama yalianza kwa madoa madogo ya njano na kuishia kuwa ya rangi ya shaba, nadhani ni utitiri mwekundu. Geuza jani, ulitazame kwa lenzi au kamera ya simu iliyokuzwa: utaona vidude kama chembe za pilipili vinavyotembea, na utando mwembamba sana. Utitiri hupenda joto na vumbi. Osha chini ya majani kwa maji ya nguvu asubuhi, siku tatu mfululizo, kisha kila wiki. Epuka dawa kali za kuua wadudu wote, kwa sababu huua kwanza wale wanaokula utitiri, na baada ya wiki mbili utitiri hurudi maradufu. Hapo tu ndipo nakubali majani yaloe, nayo yakauke kabla ya jioni.

Kama hewa yenu ni ya unyevu, adui ni ubwiri vinyoya. Machipukizi yaliyoambukizwa hudumaa, pingili zinasongamana, majani yanakunjika chini na kugeuka njano. Kata uchome, usiyatupe kwenye mboji. Mmea ukishapita mita mbili na nusu, vua majani yote ya mita moja ya chini ili upepo upite. Ubwiri unga hautawasumbua sana, kwa kuwa hauelewani na joto la kupita nyuzi 30.

Kamba iwe na manyoya: ya usumba ndiyo inayotumika hata kwenye mashamba makubwa ya Marekani, na ya katani inafaa vile vile. Ya plastiki laini haifai, mmea utateleza. Pitisha kidole kwenye shina la hopsi, utahisi kama ulimi wa paka. Ni vinywele vigumu vilivyopinda kama ndoano, na ndivyo unavyokwea navyo, hauna vikono kama mzabibu. Vinaweza kukuwasha ngozi, kwa hiyo vaa mikono mirefu. Machipukizi ya kwanza manene yenye uwazi ndani yakate, huvunjika ovyo. Subiri yanayofuata, chagua mawili au matatu kwa kila kamba, uyazungushe kwa mwelekeo wa mishale ya saa ukitazama kutoka juu. Ukiyazungusha kinyume, asubuhi utayakuta yamejifungua yananing'inia. Hata ukiwa kusini mwa ikweta mwelekeo ni huo huo, shina limezaliwa nao. Kama huna urefu wa mita tano, kamba ipande mita mbili na nusu kisha ilale kando ya ukuta au uzio. Utakuwa na kazi ya kuielekeza ncha kila siku kwenye sehemu iliyolala, kwa sababu yenyewe inataka kwenda juu.

Siku ya kuvuna usiangalie kalenda. Bonyeza koni kwa vidole viwili. Mbichi hubaki imebonyea, unyevunyevu, inanukia nyasi zilizokatwa. Iliyokomaa inarudi ilivyokuwa, inatoa sauti ya karatasi nyembamba, na vidole vinabaki na ulimbo wenye harufu. Ipasue kwa kucha kutoka juu hadi chini. Kwenye mashina ya vile vijani vidogo utaona unga wa manjano, hiyo ndiyo lupulini, na ndiyo yote unayoilimia. Ikiwa bado ya rangi ya malai, subiri. Ikiwa njano ya kiini cha yai, vuna. Ikielekea rangi ya chungwa na kunuka kitunguu, umechelewa. Penye joto tofauti kati ya tayari na kuchelewa inaweza kuwa siku nne, na koni za juu hutangulia za chini, kwa hiyo vuna kwa awamu.

Koni mbichi ina maji karibu asilimia 80, nayo lazima ishuke hadi asilimia 8 au 10. Kuianika tu haitoshi penye unyevu, itaota ukungu katikati. Itandaze tabaka moja kwenye wavu, kivulini, feni ikipuliza kutoka chini, au tumia kikaushio cha matunda kisichozidi nyuzi 55. Jua usiliruhusu. Pima kwa mizani: gramu 500 mbichi zikibaki kama gramu 110, zimekauka. Hakiki kwa kuvunja kile kijiti cha katikati ya koni. Kikipinda bado, kikikatika kwa mlio, tayari. Zitie siku hiyo hiyo kwenye mfuko ulioondolewa hewa, zikae friza. Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda niliposema Cascade haitunziki: sahani moja ya Cascade kavu iliyoachwa mezani penye joto hubaki jina.

Kwa kuwa huwezi kujua nyumbani asidi za alfa ni asilimia ngapi, usizitegemee hopsi zako kwa uchungu unaohitaji hesabu. Ziweke dakika za mwisho za kuchemsha maji ya kimea, au baada ya kuzima moto, ambako kinachotakiwa ni harufu. Uchungu upate kutoka kwa hopsi zilizopimwa.

Na kama nyumbani kuna mbwa, weka uzio kuzunguka mashina, na mabaki ya hopsi zilizochemshwa uyafukie mbali. Mbwa akizila joto la mwili wake linaweza kupanda mpaka kumuua, na hutokea haraka. Akizila, mkimbize kwa daktari wa mifugo bila kusubiri dalili.

Imebaki Hallertau yako. Hiyo ni moja ya aina ngumu kabisa kulimwa nje ya kwao: haina nguvu za Cascade, magonjwa huishika upesi, na joto huipunguzia mavuno hata ikiwa na taa. Saaz, Tettnanger na Fuggle ningeziweka kundi hilo hilo. Lakini usiing'oe sasa. Ina mwaka mmoja tu, na kwenye mwaka wa kwanza hopsi yoyote hujenga mizizi kuliko kitu kingine. Kata zote mbili usawa wa ardhi, tia mboji, tundika taa, uone msimu mmoja kamili. Cascade ikifika juu ya kamba na Hallertau ikakomea njiani chini ya mwanga ule ule, shimo hilo litie Chinook.